Mama ameombwa aingie kwenye utafiti wa dawa

Dadangu, umeuliza kama mamako akikataa kujiunga na utafiti wa dawa mpya ya kisukari atanyimwa kliniki yake hapo Mombasa. La, hasha. Kukataa ni haki yake, na hata akishatia sahihi anaweza kujitoa wakati wowote, matibabu ya kawaida yaendelee.

Lakini asitie sahihi leo. Aombe fomu ya Kiswahili, muisome pamoja nyumbani. Ulizeni dawa imeshajaribiwa kwa watu wangapi, na kama atapewa mpya au ile ya kawaida. Mara nyingi huamuliwa kwa bahati nasibu, hata daktari huenda asijue. Na akidhurika, nani atalipia matibabu? Hilo msilipite kabisa.

Pia ombeni kuona kibali cha kamati ya maadili, inayokagua kama utafiti unalinda washiriki, na cha Bodi ya Famasia na Sumu, inayodhibiti dawa nchini Kenya. Watafiti wakisitasita kuwaonyesha, msikubali.