Cha kupeleka darasani siku ya kuzaliwa ya mtoto

Binti yangu alipotimiza miaka mitano nilipeleka keki shuleni. Ilikuwa Februari, na aliyekaa Dar es Salaam mwezi wa pili analijua joto lake. Keki ya kilo mbili, krimu ya waridi, jina limeandikwa juu, shilingi elfu sitini. Nilipanda nayo bajaji nimeipakata kama mtoto mchanga, na tulipofika getini krimu ilikuwa imeshaanza kuteleza upande mmoja.

Hilo la krimu lilikuwa dogo. Darasa lilikuwa na watoto 43, kisu kimoja, na mwalimu yuko peke yake kwa sababu msaidizi wake alikuwa jikoni anagawa uji. Tukawa tunakata, watoto wanasogea, wengine wanalamba vidole na kurudi kwenye foleni. Vipande vya mwanzo vilijaa kiganja, vya mwisho vilikuwa makombo. Watoto wawili hawakupata kabisa. Mmoja wao hakulia wala hakusema kitu. Alirudi kwenye kiti chake, akakunja mikono juu ya meza, akailalia. Tukiwa njiani kurudi nyumbani binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona yule hakupewa?" Nilikosa la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimepeleka vitu darasani mara nne, kwa watoto wangu wawili, na naandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye zamu yake ni wiki ijayo.

Kabla hujaenda dukani, mpigie mwalimu. Shule nyingine haziruhusu chakula cha nyumbani, zinataka vilivyofungwa kiwandani tu, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujawasha jiko. Muulize watoto wako wangapi leo, si wangapi waliandikishwa Januari, maana kuna wanaohamia katikati ya muhula. Juu ya hesabu hiyo ongeza vitano au sita: mwalimu, msaidizi, mlinzi aliyekufungulia geti, na wale wa darasa la jirani ambao lazima watachungulia dirishani. Muulize pia kama kuna mtoto mwenye mzio wa chakula.

Hapo kwenye mzio naomba usipite haraka. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshaagiza kashata za karanga, na mwalimu ndiye aliyeniambia kuna mvulana ambaye akila karanga midomo inavimba na pumzi inabana. Nikabadilisha, nikaomba za nazi. Jioni ile nikakumbuka jambo jingine, nikarudi kwa mama anayezipika kumsihi asizimwage kwenye sinia lile lile la karanga wala asizikate kwa kisu kile kile. Kwa mtoto wa namna ile chembe kidogo inatosha kumpeleka hospitali. Mayai na maziwa nayo yana watoto wake. Sasa kila ninachopeleka nakiandikia kikaratasi: kimepikwa kwa unga gani, kina mayai au hakina, kina karanga au hakina. Mwalimu anakibandika ubaoni na hakuna wa kubahatisha.

Umri nao uangalie. Kwa watoto wa chekechea sipeleki karanga nzima, pipi ngumu wala bisi. Mtoto mdogo anakula huku anacheka na kukimbia, na punje moja ikikosea njia inaziba koo. Bisi ni za darasa la kwanza na kuendelea. Na huko ni mkombozi: kilo moja ya mahindi ya bisi ilinitosha darasa zima, nikazijaza kwenye bahasha ndogo za kaki.

Soda niliiacha. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anazopata mtu kwa chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Chupa ya mililita 300 inabeba karibu gramu 30, yaani vijiko saba vya chai na ushee. Kwa mtoto wa miaka mitano chupa moja inakaribia kumaliza kiasi chake cha siku nzima, na hapo keki hajaigusa. Wameshakunywa uji wa saa nne. Maji safi ya kunywa yanatosha kabisa.

Halafu kuna mambo ya imani, ambayo darasa la mjini linayo yote kwa pamoja. Pipi laini za jeli nyingi zina jelatini, na kama pakiti haisemi imetokana na nini, mzazi Mwislamu ana haki ya kumkataza mwanawe. Kuna watoto wa familia za Kihindu wasiokula mayai. Mwezi wa Ramadhani, hata kama wadogo wengi hawafungi, wapo wanaojaribu nusu siku kwa fahari kubwa, usiwape mtihani. Peleka kitu kilichofungwa waende nacho kwa futari, au ngoja baada ya Idi.

Sasa kilichonifaa kuliko vyote: keki ndogo za vikombe, bila krimu. Hazihitaji kisu, hazihitaji sahani, na hakuna kubwa wala ndogo. Nilizioka mwenyewe kwa mkaa. Sufuria kubwa yenye mchanga chini, makaa machache jikoni na mengi juu ya mfuniko, dakika ishirini kila mkupuo. Nusu kilo ya unga, siagi kiasi hicho hicho, sukari pungufu kidogo, mayai manane, maganda ya ndimu yaliyoparuzwa, zikatoka 46. Kosa nililofanya ni kukoroga unga wote kwa mara moja. Sufuria ilikuwa inaingiza keki saba tu, hivyo mchanganyiko wa mwisho ulikaa zaidi ya saa mbili, bekingi pauda ikaishiwa nguvu, na keki zile zikawa nzito kama maandazi ya jana. Koroga kidogo kidogo kadiri moto unavyokuruhusu.

Kama huna muda wa kuoka, nunua ndizi kisukari. Watu wananishangaa nikisema hivi, wanaona ndizi si kitu cha sherehe. Lakini waangalie watoto wanavyozipokea: ni ndogo, tamu, kila moja imekuja na kifungashio chake, na mtoto wa miaka minne anaimenya mwenyewe. Nenda soko la Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, siku mbili tatu kabla, uchukue ambazo ndiyo kwanza zinaanza njano. Ukinunua zilizoiva kabisa zitakatika vikonyo na kupondeka kabla ya asubuhi. Zioshe, zikaushe, kata moja moja ukiacha kikonyo kidogo.

Kama mtoto amezaliwa Juni au Desemba shule zikiwa zimefungwa, peleka wiki ya mwisho ya masomo. Na kama hali ya fedha hairuhusu, zungumza na mwalimu bila aibu. Darasani kwetu sasa waliozaliwa mwezi mmoja wanasherehekea siku moja, wazazi tunachangiana, na asiye nacho anakuja kusaidia kugawa. Hakuna mtoto anayekaa mwaka mzima akiimbia wengine bila yeye kuimbiwa. La kumwagiana maji tumekubaliana libaki nyumbani, sare ni moja tu.

Siku ya keki za vikombe nilikaa nyuma ya darasa hadi mwisho. Kulikuwa na msichana mwembamba, ameketi karibu na mlango. Alikula nusu ya keki yake polepole, akachana karatasi ya katikati ya daftari, akaifunga nusu iliyobaki, akaikunja pembe kwa pembe kama wanavyofunga ubuyu. Nikamuuliza anamwekea nani. "Mdogo wangu, bado hajaanza shule." Tangu hapo ninapochagua cha kupeleka najiuliza pia kama kinaweza kufungwa kwenye karatasi na kufika nyumbani kikiwa kizima. Keki ya krimu haifiki. Februari hii binti anatimiza minane, darasa lao lina watoto 47, na mwuza ndizi wangu ameshaniahidi mkungu.