Smoli wa Lake Erie na mawimbi yake: maswali yenu

Tangu barafu imeyeyuka maswali yamekuwa mengi, wengi wenu mmeshajinunulia viboti na mnataka kutoka. Karibu yote ni ya Lake Erie, ziwa letu huku Marekani, na samaki mmoja tu, besi mdomo mdogo, yule wa rangi ya shaba mwenye mistari ya kusimama ubavuni na macho mekundu, sisi huku tunamwita smoli. Nimechukua machache.

Kaka, mi nimekulia Uvira, nimevua Tanganyika na baba toka mtoto. Hapa Erie, Pennsylvania, upepo kidogo tu ziwa linachafuka vibaya. Lina nini hili ziwa? (Baba wa watoto watatu)

Halina kina ndugu yangu, tatizo linaanzia hapo. Tanganyika inashuka mpaka karibu mita 1,470, Erie wastani wake ni mita 19 hivi na penye kina kuliko pote ni mita 64. Wimbi likikosa kina linabanwa, linasimama wima, halafu yanakuja yamebanana, boti haijamaliza kushuka kwenye hili jingine lishafika linakupiga usoni. Alafu angalia ramani, ziwa limelala toka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, Toledo kule mpaka Buffalo huku, kama kilomita 388, na upepo mkali wa huku mara nyingi unatokea hukohuko kusini magharibi, kwa hiyo unakuja umelipiga ziwa lote kwa urefu wake. Ukizidi unasukuma hata maji yenyewe, Toledo boti zinabaki kwenye tope na Buffalo maji yanapanda ukutani, ukikoma maji yanarudi kwa fujo kama beseni lililotikiswa.

Hata mi ninayekujibu natoka Ukerewe, mawimbi nayajua, lakini mwaka wangu wa kwanza hapa nilitoka asubuhi ziwa limetulia kama mafuta ya taa kwenye sahani, saa nne upepo ukageuka, saa tano maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu ndani ya boti na pampu inanguruma haimalizi. Tulirudi maili sita kwa saa mbili. Toka siku hiyo siangalii futi za wimbi peke yake, naangalia na sekunde kati ya wimbi na wimbi, boya za hali ya hewa zinaonyesha vyote viwili. Futi 3 kwa sekunde 8 ni bembea, futi 3 kwa sekunde 4 ni kipigo.

Boti yangu futi 17. Nisitoke mawimbi yakifika ngapi? (Cleveland)

Idara ya hali ya hewa ya Marekani inatoa tahadhari ya vyombo vidogo kwenye haya maziwa makubwa mawimbi yakipita futi 4 au upepo ukifika kama maili 25 kwa saa. Watu wengi wanasubiri hilo tangazo ndo wabaki nyumbani, na hapo ndo wanapokosea, maana kwa futi 17 mi ningekwambia futi 2 zinakutosha kabisa, na ikiwa utabiri unasema futi 2 mpaka 4 wewe hesabu 4. Amua ukiwa bado umesimama gatini, jiwekee kabisa kwamba upepo ukifika hapa narudi, kwa sababu ukishaanza kupata samaki akili inabadilika, unasema mmoja tu, mmoja tu.

Kingine, anza kuvua upande unakotoka upepo, ili wakati wa kurudi mawimbi yawe nyuma yako. Ukiyakabili punguza moto, yakate kwa mshazari usiyapige kifua, shusha omo, yaani pua ya boti, kidogo kwa trimu, ile swichi ya kuinamisha injini. Ukirudi nayo inua omo, na usilipite wimbi ulilopanda mgongoni, kaa hapo juu nenda nalo, kwa sababu ukilipita unashuka bondeni kwa kasi na omo inachimba kwenye wimbi la mbele, maji yanaingia yote kwa mara moja. Na nanga ni ya omo tu. Ukifunga nanga tezi, kule nyuma, kwenye mawimbi unaita maji yaingie.

Nikitupa chambo sisikii chini kabisa, boti inakimbia na upepo, natoka mikono mitupu kila wiki. Nifanyeje mzee? (Buffalo)

Hili swali nimelipenda maana samaki unao chini yako, ni boti ndo inakupeleka mbio. Kabla hujabadilisha chambo punguza mwendo. Nunua drifti soksi, ule mfuko wa turubai unaofunguka majini kama parashuti, ufunge upande unakotoka upepo, boti ilale ubavu na iteremke polepole, maili moja kwa saa au chini ya hapo. Kamba iwe fupi ili uuvute haraka, smoli akikimbilia kwenye soksi akaizunguka umemkosa.

Vua upande huohuo wa upepo ili chambo kikufuate nyuma. Mi natumia chambo cha tyubu, kile cha mpira chenye vimkia, inchi 3 na nusu, rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na risasi ya kukizamisha ya robo tatu ya aunsi kukiwa na mawimbi, mshipi wa kusukwa mwembamba halafu mbele naunga fluorokaboni, mshipi usioonekana kirahisi majini, ya pauni 8. Angalia mshipi wako unavyoingia majini. Ukiwa umelala sana mbali na boti unaenda mbio au risasi ni nyepesi. Ukiwa sawa utasikia mawe, tk, tk, tk, alafu ghafla kitu kama sponji, kizito tu, hakivuti. Huyo ndo smoli, inua fimbo!

Na usipite mchangani, tafuta mawe, futi 20 mpaka 30 wakati wa kiangazi, kwa sababu gobi anaishi kwenye mawe. Gobi ni kasamaki ka kichwa kikubwa kenye doa jeusi kwenye pezi la mgongo, alikuja toka huko Bahari Nyeusi na Kaspiani ndani ya maji ya kusawazishia meli, akaonekana mara ya kwanza mwaka 1990 mto St. Clair. Smoli wamenenepa kwa huyo gobi, mwaka 2022 alitoka mmoja hapa Erie amepita pauni 10. Juzi nilimpandisha mmoja akanitapikia gobi wawili sakafuni, mmoja bado anapepea mapezi. Ndo maana nakwambia rangi ya kijani na kahawia.

Ni kweli samaki wanakula zaidi kukiwa na mawimbi? (Toledo)

Kweli. Wale kome wa milia walioonekana mwaka 1988 wamechuja maji mpaka yamekuwa maangavu sehemu nyingi, ziwa likitulia smoli anakuona. Mawimbi madogo yanavunja mwanga, anakuwa jasiri. Ila futi 1 na nusu zinatosha kwa hiyo kazi, usiende kutafuta 4.

Mume wangu anasema jaketi la kuokolea ni la wasiojua kuogelea. Nimwambie nini? (Dada, Buffalo)

Dada yangu mwambie kuogelea hakuhusiki. Aprili maji ya Erie yametoka kwenye barafu juzi, ukianguka dakika ya kwanza unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kichwa kikiwa chini umekunywa maji, basi. Ukipita hapo una kama dakika kumi mikono inafanya kazi, baadaye vidole havishiki hata kamba. Jaketi linamshikilia kichwa juu hizo dakika zote. Na ni sheria kwenye jimbo lenu la New York, boti ya chini ya futi 21, toka Novemba 1 mpaka Mei 1 kila mtu alivae, kuliweka chini ya kiti haihesabiki. Ile kamba ya kuzimia injini nayo aivae, toka Aprili 2021 ni sheria ya nchi nzima kwa boti nyingi za chini ya futi 26. Boti isiyo na mtu kwenye mawimbi huwa inazunguka inarudi pale ulipoangukia.

Mpe hii asome mwenyewe dada, najua wengi wanaobisha ni wavuvi wazuri tu, na ndo hao nataka niwaone tena wiki ijayo.

Analiwa? (Wengi mmeuliza)

Analiwa, ila soma kwanza ushauri wa idara ya afya ya jimbo lako kuhusu samaki wa Erie, hasa wajawazito na watoto. Mi wakubwa narudisha, smoli wa pauni 5 anaweza kuwa na miaka kumi. Ukimtoa futi 30 usimkalishe kwenye tangi, tumbo linajaa hewa anashindwa kuzama. Picha moja, mrudishe hapohapo. Wa kukaanga mtafute pachi wa manjano.

Kenya tunaye huyu samaki? (Naivasha)

Mlionaye ni ndugu yake, besi mdomo mkubwa, aliletwa Naivasha toka Marekani miaka ya 1920. Yeye anapenda majani na maji yaliyotulia, kwa hiyo soksi acha nyumbani.