Unyonge wa Septemba kwa Sisi Tulio Uskoti

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyehamia Glasgow mwezi wa Mei aliniandikia kwamba tangu Septemba ianze anajisikia mnyonge bila sababu anayoweza kuitaja, analala sana na bado anaamka amechoka, hana hamu ya kupika wala ya kupokea simu, na mtu pekee aliyemweleza haya alimwambia azidishe sala. Nimemjibu faraghani, lakini najua wengi wetu tuliokuja huku kutafuta maisha tunapitia hali hiyohiyo huku tumenyamaza, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kutunza wazee hapa Edinburgh. Mchana wa Tanga hauongezeki wala haupungui hata kwa saa moja mwaka mzima, ndiyo maana tumezoea kuhesabu saa zetu kwa jua na hesabu haitupotei. Hapa, mwishoni mwa Juni jua hutua saa nne usiku, na ikifika mwishoni mwa Desemba huwa limeshazama kabla ya saa kumi jioni. Katikati ya hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mwezi wa Septemba mchana hupungua kwa zaidi ya nusu saa kila wiki, na mwili uliokulia karibu na ikweta haujawahi kunyang'anywa mwanga kwa kasi ya namna hiyo. Hapa Edinburgh mambo huzidi kuwa magumu kwa kuwa Agosti yote jiji hukesha kwa matamasha, kisha ghafla majukwaa yanavunjwa, mabango yanabanduliwa, wageni wanaondoka, na mtu unatoka kazini jioni unakuta barabara imepoa na upepo wa baharini unapenya kwenye mikono ya koti. Wakati huohuo nyumbani kusi imetulia, joto linapanda, na watu wanasubiri mvua za vuli.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba ukosefu wa jua unanihuzunisha. Ndugu yangu mmoja mkubwa alijibu kwamba kuna watoto hapo nyumbani waliorudishwa kutoka shule kwa kukosa ada, nami nalilia jua, na chini ya maneno yake zikafuatana alama za kucheka. Jibu hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu ada za baadhi ya watoto hao nilikuwa nalipa mimi, na kwa sababu baada ya siku ile sikumweleza tena mtu yeyote wa kwetu habari za moyo wangu.

Huzuni hii haina uhusiano na kukosa shukrani. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani waliieleza kitaalamu kama aina ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inayofuata majira, na Rosenthal mwenyewe ni mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kuona nguvu zake zinapungua wakati wa baridi baada ya kuhamia New York. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huuambia ubongo kwamba usiku umekwisha na homoni ya usingizi ipungue. Mwanga ukichelewa, mwili nao huchelewa kuamka, na hamu ya mambo hushuka pamoja nao.

Basi nakusihi, toka nje asubuhi. Hata siku ya mawingu mazito, mwanga wa nje unazidi kwa mbali ule wa taa za sebuleni, na mimi siku zangu za mapumziko hupita kando ya mto Water of Leith kabla sijashika kazi yoyote ya nyumbani, nitake nisitake. Siku za zamu hukaa karibu na taa maalumu yenye kipimo cha mwangaza cha lux 10,000 kwa nusu saa ninapokunywa chai ya tangawizi. Mwenye ugonjwa wa macho, au anayetumia dawa za maradhi ya akili, amuulize daktari kwanza. Vitamini D pia tusiipuuze, kwani Huduma ya Taifa ya Afya inashauri mikrogramu 10 kwa siku kuanzia Oktoba hadi Machi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuitumia mwaka mzima. Hiyo ni kwa ajili ya mifupa na misuli, kwa hiyo usiitegemee ikuondolee huzuni. Sala ni nguzo yangu, lakini mtu akishindwa kwenda kazini, amwone daktari wake, na akianza kuwaza kifo, asisubiri kupambazuke: namba 116 123 ya Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, hupokelewa usiku na mchana bila malipo.

Jambo la mwisho linahusu simu ya nyumbani. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za huku hurudishwa nyuma, na tofauti yetu na Afrika Mashariki huongezeka kutoka saa mbili hadi tatu. Ukitoka kazini saa kumi na mbili jioni, Tanga ni saa tatu usiku na mama ameshalala. Upweke wa Novemba huzidishwa na simu zisizopokelewa, kwa hiyo kubaliana nao mapema kwamba utapiga wakati wa chakula cha mchana, nao watakuwa wanaukaribia muda wa alasiri, na uwaeleze sababu ili wasidhani umewasahau.