Kwa wewe unayeanza kazi ya kukagua wiski za mnada

Karibu chumba cha kupokea chupa. Kama ulikuja huku Scotland ukidhani kazi ni kuonja, pole sana: chupa nyingi zitakazopita mikononi mwako hazitafunguliwa na mtu, pengine daima. Kazi yako ni kuangalia na kuandika ulichokiona. Mnunuzi yuko Hong Kong au Taipei, hajawahi kuigusa hiyo chupa, na atapanda dau kwa kutegemea picha chache na sentensi zako.

Kabla hujasoma lebo, soma kimo cha pombe. Simamisha chupa wima, weka tochi nyuma yake, na usubiri itulie. Tunaandika kwa sehemu za mwili wa chupa: shingoni, bega la juu, katikati ya bega, bega la chini. Wiski haizeeki ikishatiwa chupani, ila hupungua, kwa sababu hakuna kizibo kinachoziba kabisa. Kwa hiyo chupa ya miaka 50 iliyoshuka kidogo begani isikutishe. Mimi hunitisha zaidi ile iliyojaa hadi shingoni kama imetoka kiwandani jana. Inawezekana ilitunzwa vizuri, na inawezekana kuna mtu aliijaza jikoni kwake. Wageni wengi huipa chupa kama hiyo sifa badala ya kuiuliza maswali.

Halafu ndiyo ugeukie lebo, lakini soma maandishi madogo kwanza. Jina kubwa la mbele ndilo mghushi alilolishughulikia sana. Huku chini mara nyingi huchoka. Uingereza ilianza kutumia namba za posta za kisasa mwaka 1959, kwa hiyo lebo "ya miaka ya 1930" yenye namba hiyo kwenye anwani imejishitaki yenyewe. Chupa zilizouzwa Marekani kati ya 1935 na 1964 zilikuwa na onyo la sheria lililotokeza kwenye kioo, linalokataza kuitumia tena chupa hiyo. Ukilikuta kwenye chupa inayodaiwa kuwa ya 1900, huna haja ya kubishana na mwenye mali. Andika tu maneno yaliyotokeza na uyapige picha.

Zima taa, washa tochi ya urujuanimno (UV). Karatasi za zamani hubaki hafifu chini ya mwanga huo. Karatasi za baada ya miaka ya 1950 mara nyingi zina dawa ya kung'arisha, nazo huwaka weupe wenye ubluu. Mara ya kwanza utakapoona lebo iliyokobezwa rangi ya chai, yenye madoa ya uzee na kingo zilizokwaruzwa kwa ustadi, ikawaka gizani kama shati la harusi, hutasahau. Hilo halitoshi kuhukumu, ila linatosha kusimamisha mauzo mpaka mkuu wako aione.

Mambo haya si ya kufikirika. Mwaka 2017, kwenye hoteli moja ya St. Moritz, Uswisi, mwandishi mmoja wa China alilipa faranga 9,999 kwa glasi moja ndogo ya wiski ya Macallan, kiwanda cha Scotland, iliyosemekana kuwa ya 1878. Maabara ya Oxford ilipopima kaboni ikaonyesha kwamba kwa uwezekano mkubwa ilitengenezwa kati ya 1970 na 1972. Alirudishiwa fedha zake. Kipimo hicho kinafanya kazi kwa sababu majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza hewani kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, na shayiri inayotengenezewa wiski ikaivuta; wiski ya kabla ya mabomu haina ongezeko hilo. Mwaka 2018 maabara ya huku Scotland ilipima chupa 55 za wiski adimu. 21 zikakutwa ama ni za kughushi kabisa, ama hazikuwa za mwaka uliotajwa.

Kuhusu bei, nitasema kwa kifupi, maana si kazi yetu. Watu watakutajia Macallan ya 1926 yenye lebo iliyochorwa na msanii Valerio Adami, iliyouzwa na kampuni ya mnada ya Sotheby's, London, Novemba 2023. Nyundo iligonga kwenye pauni 1,750,000. Mnunuzi akalipa 2,187,500, kwa kuwa juu yake kuna ada ya mnunuzi. Muuzaji naye hukatwa yake kwa makubaliano. Mteja akikutajia bei aliyoiona gazetini, muulize ni ipi kati ya hizo. Na umri wa wiski hiyo ya 1926 ni miaka 60, basi: ilikaa pipani 1926 hadi 1986. Miaka ya kabatini haihesabiwi. Kinachonivutia mimi kwenye mauzo yale ni kwamba kiwanda chenyewe kilibadilisha kizibo kabla ya mnada na kuchukua mililita moja tu ya kulinganisha na chupa nyingine ya aina hiyo. Haya yote yalitangazwa wazi. Ukarabati uliotangazwa hauna aibu.

Wapigaji wa simu wanaotaka kuuza pipa zima, wapeleke kwa mkuu moja kwa moja. Cheti chenye mhuri wa dhahabu hakithibitishi umiliki. Kinachotakiwa ni kauli ya ghala lenye pipa. Uliza pia kilevi kilichobaki, maana pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya ujazo wake kila mwaka, nguvu ya kilevi nayo hushuka, na ikiwa chini ya asilimia 40 hairuhusiwi tena kuitwa wiski ya Scotland.

Na ndugu wa nyumbani watakupata tu. Shangazi wa Tanga atakutumia picha ya chupa ya marehemu babu, imelazwa juu ya kabati. Kabla ya lolote mwambie aisimamishe, kwani wiski hula kizibo ikilazwa, tofauti na mvinyo, kisha aitoe kwenye joto na jua. Halafu akupigie picha tatu: kimo, maandishi madogo ya lebo, na kitako cha chupa.