Jibu: Blugili wanamaliza minyoo bila kunasa

Ndugu, umeuliza kwa nini blugili (samaki wadogo wa maji baridi) wa bwawa la huko Ohio, Marekani, wanakumalizia minyoo bila kunasa. Kwa maelezo yako, tatizo ni ndoana: hiyo namba 2 unayotumia ni kubwa mno kwa samaki huyu mwenye kinywa kidogo, ambaye hudonoa chambo pembeni. Tumia namba 8 au 10 yenye shina refu (namba ikipanda, ndoana hupungua ukubwa), kwa kuwa shina hilo hurahisisha kuitoa samaki anapoimeza, kisha uweke kipande cha mnyoo tu.

Ufito mwepesi wa futi 5 hadi 6 na mshipi unaostahimili uzito wa ratili 2 hadi 4 vinatosha. Kielea kiwe chembamba, kwani kikubwa cha duara humpa samaki ukinzani, naye hutema chambo kabla hujavuta.

Kuanzia mwishoni mwa Mei, maji yanapofikia takriban nyuzi 20 za Selsiasi, madume huchimba viota kwenye maji ya kina kifupi na kuvilinda kwa ukali. Kuwavua hapo ni rahisi kupita kiasi, na kwa maoni yangu wale wakubwa warudishwe majini, maana wakiondolewa, madume wadogo hukomaa mapema na kubaki wadogo. Joto likizidi, wakubwa huhamia ukingo wa nje wa magugu ya majini. Huko ondoa kielea, ushushe polepole chambo bandia cha aunsi 1/32 huku ukiutazama mshipi, kwani mara nyingi samaki hukidonoa kikiwa bado kinazama.