Je, roboti zitarudisha viwanda vya viatu Ulaya?

Ndugu, umeuliza iwapo roboti zitairudisha Ulaya kazi ya kutengeneza viatu na kuzinyima nchi zenye mishahara midogo nafasi hiyo. Sidhani. Mwaka 2019 Adidas ilitangaza kuvifunga viwanda vyake vya Speedfactory, kimoja Ansbach, Ujerumani, na kingine Atlanta, Marekani, vilivyotegemea roboti, na teknolojia yake ikapelekwa kwa wazalishaji wake wa Vietnam na China, ambako wauzaji wa malighafi na mafundi wazoefu walikuwapo tayari. Kwa hiyo mzigo wa kisera huhamia huko huko: nani atagharamia mafunzo mapya ya mshonaji ambaye mashine imechukua nafasi yake, mwajiri au serikali? Kodi ya roboti, yaani kodi ya kutozwa kampuni zinazoweka mashine mahali pa wafanyakazi, inajadiliwa sana, lakini hailijibu swali hilo.