Jedwali la mwaka mmoja halitoshi

Ndugu, umeuliza kama jedwali la Leontief la mwaka mmoja (jedwali la manunuzi na mauzo kati ya sekta, lililopewa jina la mwanauchumi Wassily Leontief) linatosha kuonyesha uchumi wa jiji unavyobadilika. Halitoshi. Linaonyesha kila sekta inanunua nini kwa nani, lakini linachukulia kwamba uwiano wa manunuzi hayo umeganda. Tazama Chicago, Marekani: soko la mifugo la Union Stock Yards lilifungwa 1971, kiwanda cha chuma cha South Works 1992. Na hata viwanda vilivyobaki vilizidi kununua malighafi na vipuri nje ya eneo, kwa hiyo dola ya mauzo ikawa haizunguki sana mjini. Ukitumia uwiano wa zamani, utakadiria ajira zinazotokana na mauzo hayo kupita kiasi. Tafuta majedwali ya miaka kadhaa, na tafadhali sana, tenganisha manunuzi ya ndani ya jiji na ya nje yake.